Anasa ya Maabara?

Aliyeandika kwamba utafiti wa ukataji na uungaji wa RNA ni anasa isiyomponya mtu, bila shaka hajasikia habari za Adrian Krainer wa Cold Spring Harbor, New York. Watoto wenye SMA, maradhi yanayodhoofisha misuli, hawana jeni ya SMN1 iliyo nzima. Pacha wake, SMN2, wanayo. Lakini tofauti ya herufi moja huifanya seli, inapokata na kuunga RNA ya SMN2, iruke kipande kiitwacho eksoni ya 7, na protini nyingi hutoka mbovu. Krainer na wenzake walitengeneza nusinersen, dawa inayojibandika kwenye RNA hiyo ili eksoni isirukwe. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Desemba 2016. Mwandishi huyo angelalamikia bei, ambayo dawa ilipoidhinishwa ilikuwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza wa tiba, ningemuunga mkono.