Toyota, mbona mwatuchelewesha?

Ukisimama dakika kumi kando ya barabara hapa Kinondo utahesabu Toyota mpaka uchoke: Probox, Fielder, na Hiace za matatu. Kazi yangu ni kuandika programu, si ufundi wa magari, lakini jambo hili lanikera. Kampuni iliyowatangulia wenzake kuuza haibridi kwa wingi ndiyo leo inayojikokota.

Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997. Kwa wasiojua, haibridi ina injini ya petroli na mota ya stima. Ukipiga breki, sehemu ya nguvu ambayo ingepotea hurudi kwenye betri. Ukisimama, injini hujizima. Huichomeki popote. Sasa fikiria foleni ya feri pale Likoni: wenye teksi wa Diani wangeokoa petroli kiasi gani? Hata hivyo, wengi wetu huku tumezijua Prius na Aqua kupitia mitumba, si matangazo ya mwenye kiwanda.

Na huo mtumba ndio kiini cha hoja yangu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Kwa lugha ya sisi wa kompyuta, tunatumia toleo ambalo Japani wameshaliweka kando. Kile Toyota isichowauzia Wajapani leo, Kinondo hatutakiona miaka ya 2030. Mwaka 2023 Toyota na Lexus ziliuza magari zaidi ya milioni 10. Ya stima tupu yalikuwa kama 104,000, yaani takriban 1 kwa kila 100.

Watetezi wao wana hoja. Kwa hesabu ya Toyota yenyewe, malighafi ya betri ya gari moja la stima la masafa marefu yanatosha haibridi 90. Tena chaja huku ni za kutafuta. Sawa, nakubali. Basi kama haibridi ndiyo jibu, mbona hawaipigii debe? Na fundi wa Ukunda ajifunzie wapi betri zake?

Msiniambie soko halijawa tayari. Stima yetu nyingi yatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Mwaka 2023 ilitangazwa bei maalum ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo. BasiGo ilileta mabasi ya stima Nairobi mwaka 2022. Kichekesho ni kwamba CFAO, iliyo chini ya Toyota Tsusho, mwaka 2024 ilianza kuuza Kenya gari la stima la BYD, la Wachina!

Ushauri wangu kwa anayetaka kukopa anunue teksi: itazame haibridi, ila betri ipimwe kabla hujatoa pesa, maana mtumba mara nyingi huja dhamana ya kiwandani imekwisha. Na ukienda kwa wakala, muulize haibridi kwanza. Tusipouliza, wataendelea kusema hatuzitaki. Nyinyi mwaonaje?