Mama Mdogo Hahitaji Cheti cha Mandazi

Mwaka jana nilitafsiri mafunzo ya siku tatu ya kupika mandazi, hapa kambini Kinama. Nilitafsiri vizuri, nikasaini, nikalipwa. Kwa hiyo haya ninayoandika yananihusu na mimi.

Mwalimu alitoka Gitega na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Mtu mzuri, simlaumu, alitumwa. Akaanza: mandazi ni nini? Mbele yake wamekaa akina mama 24, na karibu wote walishakaanga mandazi na bitumbura kule Uvira na Baraka kabla mimi sijazaliwa. Mama mdogo wangu alikuwa mstari wa pili. Mimi nimesoma mpaka sekondari kwa mandazi yake. Nikamtafsiria namna ya kupima sukari kwa kijiko cha plastiki. Alinitazama tu.

Siku ya pili mwalimu akasema unga uachwe dakika 30 uumuke. Mama mdogo akanyoosha mkono: "Mwalimu, dakika hizo ni za Bujumbura."

Kweli kabisa. Chini kule ziwani kuna joto, unga unafura haraka. Huku Muyinga tuko juu, asubuhi ni baridi, hamira inalala. Hamira yake (sisi tunasema levire) anaiamsha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sukari kidogo, anangoja povu. Isipotoa povu imekufa, usiiharibie unga. Anakanda usiku, anafunika kwa kitenge, beseni linalala karibu na jiko lililozimwa. Saa kumi za usiku anaamka, unga umeshafura, anaubonyeza hewa itoke, anasukuma, anakata, anaacha tena vipande vipumzike. Mafuta anayapima kwa kipande kidogo cha unga: kikikaa chini, bado, kikipanda na mafuta yakachemka pembeni yake, tayari, kikiwa cheusi mara moja, ondoa kuni. Mafuta yakiwa baridi andazi linayanywa, na hasara ni yako. Mambo hayo hayakuwa kwenye picha za ukutani, na mwalimu hakuyaandika.

Sasa ninauliza ndugu zetu wa mashirika, maana najua nyinyi pia mnasoma jarida hili. Kwa nini kila mradi wa "kujitegemea" ni mandazi na sabuni? Mimi nadhani ni kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Wanawake 24 wamefundishwa, picha zimepigwa, ripoti imeisha. Lakini njia moja tu ya soko letu ina mabeseni kumi na moja kila asubuhi, na wanunuzi ni sisi kwa sisi. Mgao ukipunguzwa, mtu wa kwanza kuachwa ni muuza mandazi. Ukiongeza wauzaji ishirini bila kuongeza mnunuzi hata mmoja, wote watarudi nyumbani na mandazi ya jana.

Mama mdogo anachokosa si ujuzi. Unga wa ngano haumo kwenye mgao wetu. Ananunua kilo kwa kilo kwa mchuuzi, na mchuuzi amenunua gunia zima Gitega, ama Muyinga mjini. Kilo moja inatoa mandazi kama 30, na faida yake karibu yote imebaki kwa mwenye gunia. Aende mwenyewe Gitega kupitia Karuzi? Inabidi kwanza aombe ruhusa ya kutoka kambini, na ruhusa inaweza kufika wakati pesa imeshaliwa na watoto. Petroli ikikosekana, nauli nayo inapanda. Kuni hatuna haki ya kukata ovyo, sawa, naelewa, wenyeji wana mashamba yao. Lakini briketi za kupikia maharage ya nyumba moja hazikaangi mandazi mia kwa siku.

Mwenzangu wa kazi aliniambia: wapo wasiojua kabisa, hao wafundishwe. Nakubali. Vijana wangu wa kiume hawajui hata kukanda, na wanacheka eti ni kazi ya wanawake, wakati chapati za barabarani wanazokula zinakandwa na wanaume. Wafundishwe hao. Lakini na nani?

Cheti cha mama mdogo kiko ndani ya mfuko pamoja na karatasi za ukimbizi. Hakimsaidii chochote, ila anaogopa kukitupa kwa sababu kina muhuri. Mkimbizi hatupi kitu chenye muhuri.

Mwezi ujao kuna mafunzo mengine, nimeombwa kutafsiri tena. Nimejibu kwamba nitakuja kama mama mdogo atasimama mbele na kulipwa kama mwalimu, na pesa ya kukodi ukumbi inunue magunia mawili ya unga, yawe ya kikundi cha akina mama. Tukakae chini ya mti, hakuna shida. Wiki ya pili hii, bado sijajibiwa.