Gemu la Japani: Soma Kibandiko Kabla ya Kuchomeka

Mizigo ya Japani haiishii kwenye magari na vipuri. Mara nyingine hutoka humo redio, kamera, hata mashine za gemu ambazo watoto wa huko walishaziacha zamani. Ikifika Maisaka, mashine hiyo ni mpya kabisa kwa mtoto anayeipokea. Hatalala mpaka aione ikiwaka.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza kama itaingia kwenye TV ya nyumbani. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni la umeme.

Chukua mfano wa nyumba moja. Mjomba ameleta PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994. Waya wa umeme haupo. Mtoto wa miaka 12 anageuza mashine, anaona tundu la nyuma linafanana na la redio ya sebuleni. Anachomoa waya wa redio, anauweka.

"Baba, umeingia!"

"Subiri kwanza, mwanangu. Usiwashe."

Baba akiwepo, mambo yanaishia hapo. Asipokuwepo, mashine inaweza kuungua mkononi mwa mtoto. Waya ule kweli unaingia, kwa kuwa tundu la namna hiyo hutumika kwenye vifaa vingi duniani. Ila umeme wa Japani ni volti 100 na wa kwetu ni volti 230. Waya hupitisha tu, haupunguzi kitu. Mashine ya volti 100 ikipata 230, fyuzi inaweza kukatika, kapasita kupasuka, moshi kutoka.

Kwa hiyo pindua mashine usome kibandiko cha chini au cha nyuma. Kikiandikwa 100V peke yake, usiichomeke ukutani. Kikiandikwa 100-240V, inakubali umeme wetu. Kichwa cha kubadilisha plagi hakisaidii, kinabadilisha umbo la miguu tu. Stabilaiza ya friji nayo haisaidii, kazi yake ni kuutuliza umeme ubaki karibu na 230.

Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha umeme. Dukani sema wazi kwamba kifaa ni cha Japani, cha volti 100, maana zipo zinazotoa 110 kwa ajili ya vifaa vya Marekani. Angalia pia wati: soma wati za mashine, kisha chukua transfoma yenye uwezo wa angalau mara mbili. Isipopatikana Babati mjini, piga simu Arusha kabla ya kupanda basi. Kilomita 170 hivi ni nyingi kwenda kuambiwa "hatuna".

Famicom, mashine nyekundu na nyeupe ya Nintendo iliyotoka Julai 1983, ina mtego wake. Hutumia adapta ya nje inayotoa volti 10, na katikati ya pini yake ni hasi. Adapta nyingi za kawaida katikati ni chanya. Kwa hiyo adapta inaweza kuenea kabisa kwenye tundu na bado ikaharibu mashine. Mtoto asijaribu adapta za nyumbani moja baada ya nyingine akitafuta inayokaa.

Umeme ukishatulia, njoo kwenye picha. Hapa wengi wana uzoefu bila kujua. Tangu matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zimezoea ving'amuzi na nyaya zake tatu: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. PlayStation hutoa picha na sauti kwa nyaya za rangi hizohizo, ingawa kwa matoleo mengi upande wa mashine zina kichwa chake maalumu.

Tatizo ni kwamba TV flati nyingi za sasa hazina matundu hayo matatu. Chungulia nyuma vizuri kabla ya kununua chochote. Baadhi zina tundu moja dogo kama la spika za masikioni. Hizo zinatumia waya mfupi uliokuja ndani ya boksi la TV, na waya wa TV nyingine unaweza usikubali. Baadhi zina tundu la kijani lenye alama ya njano pia. Njano huingia hapo.

Kama TV ina HDMI tu, kuna kiboksi kidogo cha kubadilisha. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Viboksi viko vya aina mbili vinavyofanana sura. Kimoja hupokea AV na kutoa HDMI, kingine hufanya kinyume. Unachohitaji ni kile cha kwanza, chenye maandishi AV2HDMI. Kinahitaji pia umeme wa USB, hivyo kichomeke kwenye tundu la USB la TV au chaja ya simu.

Picha ikija bila rangi, usikimbilie kusema mashine ni mbovu. Japani walitumia mfumo wa rangi wa NTSC, sisi PAL. TV flati nyingi hujua yote mawili: ingia kwenye mipangilio ya picha, uweke AUTO au NTSC. Watu wakionekana wanene, rudisha umbo la picha kuwa 4:3. Padi ikionekana kuchelewa, washa hali ya gemu kwenye TV.

Famicom ya mwanzo haina nyaya tatu kabisa. Hutuma picha kama kituo cha TV, kwenye chaneli za Kijapani ambazo TV zetu huenda zisizipate hata ukitafuta mchana kutwa. Hiyo mpelekee fundi anayeweza kutoa AV kutoka ndani.

Yapo pia yasiyorekebishika. Bunduki za kupigia bata kwenye gemu za zamani zilitengenezwa kwa TV ya chogo. Kwenye flati hazioni shabaha. PlayStation ya Japani nayo, ikiwa haijabadilishwa, husoma diski za Japani tu, na maandishi mengi yatakuwa ya Kijapani. Mwambie mtoto mapema, asije akadhani amedanganywa.

Kabla ya kutoa pesa, jumlisha kwanza: transfoma, nyaya, kiboksi, fundi. Jumla ikikaribia ada ya muhula au gunia la mahindi, mashine inaweza kusubiri kabatini. Kama kwa bibi kuna TV ya chogo inayofanya kazi, yenye matundu matatu, huenda kiboksi kisihitajike. Uliza tu kama inajua NTSC. Usiifungue. Ndani ya chogo umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomoa.

Mashine hizi zina faida moja kwa mzazi. Haziingii intaneti, haziuzi chochote katikati ya mchezo, na mgeni hawezi kumwandikia mtoto. Gemu ikiisha imeisha. Padi zikiwa mbili, kaka na dada wanalazimika kukaa pamoja na kupeana zamu.

Na mtoto aliyezuiwa kuwasha asifukuzwe sebuleni. Mpe tochi ya simu, mwambie asome kibandiko kwa sauti: volti ngapi, wati ngapi. Kesho atashika pasi, keshokutwa chaja ya rafiki. Akizoea kusoma kabla ya kuchomeka, atakuwa salama hata siku ambayo baba na mama hawapo nyumbani.