Mwalimu afunzwe kumuuliza mtoto: “Umepatwa na nini?”

Mnamo Septemba 2024 moto uliwaua wavulana 21 katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Nchi hii ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa namna hiyo huko Bombolulu mnamo 1998, wasichana 26 walipoangamia, na tena Kyanguli mnamo 2001, walipoteketea wavulana 67. Kila msiba kama huu unapotokea, viongozi hufika, rambirambi hutolewa, na washauri nasaha huletwa kwa siku kadhaa. Mazishi yakiisha, wageni hao wote hurejea makwao. Anayebaki na watoto walionusurika ni mwalimu, na mwalimu huyo, pamoja na stashahada au shahada yake, ni nadra kuwa amefunzwa namna ya kuishi na mtoto aliyejeruhiwa moyo.

Wala tusidhani kwamba majeraha hayo huletwa na moto peke yake. Darasani wamo watoto waliofurushwa na mafuriko kama yale ya Mai Mahiu ya Aprili 2024. Wamo waliozaliwa na wazazi ambao mwaka wa 2007 na 2008 walishuhudia ghasia zilizowaua watu zaidi ya 1,100, wakazibeba hofu zao hadi nyumbani. Wamo waliofiwa, walionajisiwa, na wanaolala kila usiku wakisikiliza mama akipigwa. Wote hawa asubuhi huvaa sare moja na kuketi kwenye dawati moja na wenzao.

Mwili wa mtoto aliyetishwa vibaya huweza kubaki katika tahadhari hata hatari ikishapita. Moyo humdunda, misuli humkakamaa, na akili, badala ya kulifuata somo, hulinda mlango. Harufu ya majani yanayochomwa, dirisha lililobamizwa na upepo au kengele iliyolia ghafla huweza kumrudisha katika usiku ule aliotaka kuusahau. Mmoja hufoka na kupigana; wa pili hutoroka; wa tatu hunyamaza na kusinzia darasani kwa kuwa usiku hapati usingizi. Kumbukumbu hudhoofika na alama za mtihani huporomoka. Mwalimu asiyejua haya huona ukaidi, uvivu na utundu.

Mimi ni mtu wa isimu, na sina budi kuitazama kadhia hii kupitia lugha. Kiswahili hakisemi kwamba mtu amefanya kiwewe; husema ameingiwa na kiwewe. Kitenzi “kufa” kimezaa “kufiwa”, ili aliyebaki hai naye awe na nafasi yake katika sentensi. Vivyo hivyo tunasema kuonewa, kunyang’anywa, kukimbiwa. Viambishi hivyo vidogo hutukumbusha kwamba yupo aliyetenda na yupo aliyetendwa. Lakini daftari la nidhamu la kawaida lina vitenzi gani? Ametoroka. Amepigana. Amemjibu mwalimu. Amekataa kufanya zoezi. Mtoto aliyefiwa na kufukuzwa kwao, akifika shuleni huwa mtenda makosa tu. Huulizwa, “Una nini wewe?”, na hilo kwa kweli ni karipio lililovaa joho la swali. Swali linalofaa ni, “Umepatwa na nini?” Mabadiliko ya mafunzo ya ualimu hayana budi kuanzia hapo.

Hata hivyo, swali jema halitoshi. Sisemi mwalimu ageuzwe daktari wa akili. Mnamo 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO), likishirikiana na mashirika mengine, lilichapisha mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao haukukusudiwa wataalamu pekee. Nguzo zake ni tatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Mwalimu hutazama ni nani aliyebadilika. Husikiliza bila kumlazimisha mtoto asimulie yaliyompata, maana kumchokonoa mtu kidonda si kumtibu. Kisha humuunganisha na msaada unaomshinda yeye: hospitali, afisa wa watoto, au simu ya bure ya watoto nambari 116. Tena asimwahidi mtoto siri ambayo sheria na usalama wa mtoto havitamruhusu kuitunza. Darasani ratiba iwe ya kutabirika, na kengele ya mazoezi ya moto isipigwe kabla ya watoto walionusurika moto kutahadharishwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine ya kuagizwa ng’ambo.

Aidha, mtoto aruhusiwe kueleza uchungu wake kwa lugha anayoililia. Shule inayomwadhibu kwa kutamka neno la lugha ya mama isishangae akinyamaza siku anapotakiwa kusema yaliyomfika. Yapo mambo ambayo mtoto wa miaka tisa hana Kiingereza chake, na pengine hana hata Kiswahili chake.

Na mwalimu mwenyewe je? Mnamo Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi waliokuwa wakifanya kazi kaskazini mashariki waliomba uhamisho, na wapo waliowaona kuwa waasi wa kazi. Hao pia walikuwa wameingiwa na kiwewe. Mganga hajigangi. Haifai kumwambia mwalimu ayabebe majonzi ya watoto 60 ilhali hakuna anayemuuliza habari za majonzi yake. Mafunzo yoyote yasiyomwekea mwalimu mahali pa kupumulia na mtu wa kusema naye, bila kuogopa kwamba faili yake itatiwa doa, yatakuwa mzigo mwingine juu ya kichwa kilichokwisha kulemewa.

Najua wapo watakaosema kwamba huku ni kuwadekeza watoto, na kwamba anayechoma bweni apelekwe mahakamani. Sheria na ichukue mkondo wake. Kujua chanzo cha kosa si kulifuta kosa. Lakini tukumbuke kwamba viboko vilipigwa marufuku shuleni mnamo 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Mwalimu alinyang’anywa fimbo bila kupewa ujuzi wa kushika mahali pake. Ndiyo maana katika baadhi ya shule fimbo imerudi kwa mlango wa nyuma, na kwingine mwalimu amejitoa katika malezi kabisa.

Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) zinapaswa kuliingiza somo hili katika vyuo vyote vya ualimu, liwe la lazima na lenye mazoezi, si hotuba ya saa mbili kwenye semina. Walimu walio kazini nao wafunzwe kwa zamu wakati wa likizo. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, kwa maana hawezi kumsikiliza mtoto huku akilitazama saa, darasa jingine likimngoja. Sisi wa vyuo vikuu nasi tuandike vitabu vya kazi hiyo kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa Mwingi na wa Msambweni watakisoma bila kamusi.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kilio tumekisikia mara nyingi mno. Maradhi yenyewe yamo madarasani mwetu leo, yamevaa sare na yamenyamaza, nasi tungali tunayaita utovu wa nidhamu.