Programu Ikikosea, Mfanyakazi Asikatwe



Siku hizi mizani ya majani ya chai na saa ya kuingilia kiwandani huendeshwa na kompyuta. Programu ikibadilishwa na mashine ikagoma, twaambiwa: hakuna kumbukumbu, hakuna malipo. Jambo hilo tunalikataa.

Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza mabadiliko yenye kasoro katika programu yake ya ulinzi. Kompyuta zipatazo milioni 8 na nusu zilikwama duniani, na ndege nyingi zikashindwa kuruka. Kasoro yenyewe iliondolewa mapema, lakini mashine nyingi zilizokwisha kukwama zilibidi mafundi waziendee moja moja na kufuta faili kwa mkono. Je, hilo lilikuwa kosa la mpakia mizigo?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, toleo jipya lijaribiwe katika mashine moja kabla ya kuwekwa kwenye zote. Pili, toleo la zamani lihifadhiwe, liweze kurudishwa. Tatu, kilo na saa ziandikwe daftarini pia, na mfanyakazi apewe nakala.

Ndugu, usiondoke mizanini bila karatasi yako.