CHETI SI SANADI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, kijana wetu mmoja anayeishi Marekani ameniuliza: "Shekhe, nimepata mtu ananiuzia kwa jumla vipande vya bendera ya vita vya zamani, na nywele za Rais Lincoln. Vimo kwenye fremu, kila kimoja na cheti chake. Je, nikiviuza mtandaoni ni halali?" Nikamuuliza: nani alikata hivyo vipande, na akampa nani? Kimya. Kisha akanitumia picha ya cheti.

Ewe ndugu yangu, cheti hicho kaandika nani? Si huyo huyo anayeuza? Mdai anajitolea ushahidi mwenyewe, nawe unaita dalili!

Bendera yenyewe ni ile iliyopandishwa Fort McHenry, Baltimore, Septemba 1814, Waingereza walipoishambulia ngome hiyo. Ilishonwa mwaka 1813 na Mary Pickersgill na wenzake, kwa kitambaa cha sufu, nyota zake za pamba. Ilikuwa na urefu wa futi 42. Leo iko makumbusho ya Smithsonian, imebaki futi 34. Familia ya kamanda Armistead, iliyoirithi, ilikuwa ikikata na kuwagawia watu ukumbusho. Hata nyota moja nzima ilikatwa, na mpaka leo haijulikani iko wapi. Kwa hiyo vipande vya kweli vipo, sikatai. Lakini mwongo hapendi pasipo na kitu, anapenda penye kweli kidogo apate pa kujificha.

Utasema tupeleke maabara. Sawa. Maabara itakuambia hii ni sufu, na ni ya zamani. Haitakuambia ilipepea mlingoti gani. Sufu ya namna hiyo ilishona bendera nyingi. Kinachobaki ni mikono iliyopokezana, na hili sisi tulipaswa kulijua kuliko watu wote. Wanazuoni wa hadithi walipoletewa maneno mazuri hayakuwatosha. Waliuliza: umepokea kwa nani? Naye kwa nani? Walikutana? Mpokezi mmoja asiyejulikana akiingia katikati, riwaya inadhoofika. (Na ninyi mnaosambaza "hadithi" za WhatsApp bila kuuliza, msicheke, yenu nitaileta siku nyingine.)

Wakubwa wenyewe wameteleza. Mwaka 2007 wakfu wa maktaba ya Lincoln huko Illinois ulinunua mkusanyo wenye kofia iliyosemwa ni ya Lincoln, ikathaminiwa dola milioni 6.5. Ripoti iliyotoka 2019 haikupata ushahidi kwamba kofia ile ilikuwa yake. Hao wana wataalamu. Wewe una fremu.

Sasa nakuja kwa yule aliyeniambia, "Shekhe, hao si Waislamu, waache wanunue, tule hela zao." Audhubillah! Mtume ﷺ alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) nyuma arudishe amana za watu wa mji ule ule uliopanga kumuua. Na siku alipopita kwenye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani akakuta kumelowa, alimkemea muuzaji kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu watu wayaone. Hakuuliza mnunuzi ni dini gani.

Unataka kuuza? Andika: kitambaa cha sufu cha zamani, asili yake haijulikani. Uone bei itakavyoporomoka. Hicho kilichoporomoka ndicho ulichokuwa ukikiuzia uongo. Ama nywele, wanazuoni wengi wamekataza kuuza nywele za binadamu tangu zamani, ziwe za rais au za mchunga mbuzi.

Kijana wangu, kama umeshauza hata kimoja, mwandikie aliyenunua, mwambie hujui kilikotoka, na umrudishie pesa yake. Usiniambie humpati. Anwani yake unayo, ndiyo uliyotumia mzigo.

Wallahu a'lam.