Shilingi 2,400 Zako Ziko Wapi?



Juni 2024 tuliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha sheria walikesha kwenye simu wakibishana kuhusu ushuru wa mkate na ushuru wa magari, na tarehe 26 mwezi huo Rais akatangaza hatautia sahihi. Sasa nina swali kwa hao hao. Payslip yako ya mwezi wa kwanza kazini, uliisoma? Ule mswada ulikuwa kurasa na kurasa. Payslip ni karatasi moja.

Wengi wetu tuliangalia tu pesa iliyoingia, tukaona imepungua kuliko tulivyotarajia, tukasema "serikali imekata", tukaitukana kidogo, tukaendelea na maisha. Sisemi serikali haikati. Inakata, tena sana. Lakini kuna pesa unakatwa ambayo hakuna serikali iliyoamuru ikatwe. Inakatwa kwa sababu kuna mtu afisini alikuandika vibaya siku unaingia kazini, na hakuna aliyemuuliza.

Tupige hesabu kwanza ndio tugombane vizuri.

Kila mkaazi wa Kenya mwenye mapato ya kutozwa ushuru ana nafuu yake ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Kwenye payslip utaiona imeandikwa "personal relief". Shilingi 24,000 za kwanza za mshahara hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Toa ile nafuu, inabaki sufuri. Kwa hivyo mtu ambaye mapato yake ya kutozwa ushuru hayazidi 24,000 hadaiwi PAYE hata shilingi moja. Soma tena hapo wewe unayepanga bidhaa supamaketi kwa elfu ishirini na mbili, na payslip yako kila mwezi ina PAYE ya karibu elfu mbili. Hizo si za serikali. Ni zako.

Chukua sasa mwenye mshahara wa 30,000. NSSF asilimia 6 ni 1,800. SHIF asilimia 2.75 ni 825. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 450. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inasema hizo zote tatu zinatolewa kwanza, kisha ndio PAYE ihesabiwe. Zinabaki 26,925. Elfu ishirini na nne za kwanza zinazaa 2,400, na zile 2,925 za juu zinatozwa asilimia 25, ambazo ni 731 na senti. Jumla 3,131. Toa nafuu ya 2,400. PAYE yako halali ni shilingi 731.

Ukinyimwa nafuu unalipa 3,131. Mwezi baada ya mwezi. Kwa mwaka mzima umepoteza 28,800, karibu mshahara wa mwezi mmoja. Na kama kompyuta ya afisi bado inahesabu kizamani, inatoza ushuru kabla ya kutoa SHIF na ushuru wa nyumba, PAYE ya mtu huyo huyo inakuwa 1,050 badala ya 731. Shilingi mia tatu na kitu. Mwenye kampuni haimuumi. Wewe hiyo ni nauli ya matatu ya siku mbili tatu.

Unanyimwaje nafuu? Rahisi sana. Mwajiri anapojaza ritani ya PAYE kwa KRA, kuna mahali anachagua kama hii ndiyo kazi yako kuu au ni kazi ya pili, "primary" ama "secondary". Ukiandikwa "secondary" mfumo unachukulia kwamba nafuu yako unaipata kwa mwajiri mwingine, kwa hivyo hapa hupewi. Kwa mtu mwenye kazi mbili hiyo ni sawa kabisa, nafuu ni moja tu hata uwe na waajiri wanne. Shida ni wewe uliyetoka kazi ya zamani Ijumaa ukaanza mpya Jumatatu, ama hujawahi kuajiriwa tangu uzaliwe, na karani akaandika "secondary" kwa sababu fomu yako ilikuwa na mahali patupu, ama kwa sababu alinakili safu ya mtu wa juu yako. Herufi chache kwenye kompyuta, na hakuna anayekuja kukuambia.

Na tusidanganyane kwamba ni bahati mbaya tu. Kuanzia tarehe 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha ya 2025 inamlazimu mwajiri kuweka nafuu na makato yote yanayokuhusu anapohesabu PAYE. Si hisani ya HR, wala si jambo la kungojea ukumbuke wewe ndio likufae. Afisi yenye mhasibu, yenye programu ya mishahara iliyonunuliwa kwa pesa nyingi, inayojua kukukata siku ulipochelewa dakika ishirini, haiwezi kutuambia haijui nafuu ya ushuru ni nini.

Halafu kuna wale wajanja zaidi. Hawa hawakuandiki "secondary". Hawakuandiki kabisa. Unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi na moja, una sare yao, una bosi wa kukupangia kazi, lakini kwenye karatasi wewe ni "konsaltanti". Konsaltanti wa kuhesabu makontena yadi! Konsaltanti wa kutandika vitanda hoteli za pwani! Wanakukata asilimia 5 na kukwambia una bahati, ona makato yalivyo madogo. Kwa 30,000 ni 1,500. Kweli inaonekana tamu. Ila mwajiri amejiondolea 1,800 ya NSSF aliyotakiwa kukuongezea, na 450 ya ushuru wa nyumba ya upande wake, na likizo yako, na notisi yako. SHA utajilipia mwenyewe. Na zile asilimia 5 kwa mwaka ni 18,000. Alipaswa kuzipeleka KRA kwa PIN yako, na cheti chake ukione kwenye akaunti yako ya iTax. Asipozipeleka, Juni ukijaza ritani ya kweli utaambiwa wewe ndiye unadaiwa hizo hizo 18,000. Unalipa mara mbili, na mara ya kwanza alikula yeye.

Jina wanalokupa kwenye mkataba halibadilishi kazi unayoifanya. Hata kibarua, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 37 inasema akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, hafai tena kuhesabiwa kibarua wa siku. Wanajua hilo. Ndio maana kuna sehemu vijana huachishwa siku tatu za mwisho wa mwezi halafu wanaitwa tena.

Upande wa PIN nako kuna balaa lake, na hili linawapata hata ambao hawajaanza kazi. Wengi tulitolewa PIN saiba, kwa haraka, na mtu aliyekuwa na foleni ya watu kumi. Wengine walibofywa kila kitu, pamoja na wajibu wa PAYE. Wajibu ule ni wa mwajiri, mtu aliye na wafanyakazi! Mfanyakazi anahitaji ule wa ushuru wa mapato ya mtu binafsi tu. Ukiwa nao kimakosa, KRA inakungoja ulete ritani kila mwezi, na adhabu ya kutoleta inaanzia shilingi 10,000 kwa kila moja. Kijana hana hata kazi, anadaiwa kama kiwanda. Anapata kazi, anaambiwa alete cheti cha kuonyesha hadaiwi ushuru, cheti hakitoki, kazi inaenda kwa mwingine. Ingia iTax leo uangalie PIN yako imeandikiwa wajibu gani. Kama ule wa PAYE upo na huna mfanyakazi, nenda Huduma Centre uombe uondolewe.

Na kuna wasio na PIN kabisa kwa sababu hawana kitambulisho, na hili jamii yetu inalijua vizuri kuliko wengi. Kwa miaka watoto wa Kaskazini Mashariki na baadhi ya jamii za hapa Pwani wameitwa kwenye kamati za kuhojiwa, leta cheti cha babu, leta cheti cha babu ya babu. Asiye na kitambulisho hana PIN, asiye na PIN analipwa mkononi, ama mbaya zaidi anaandikwa kwa PIN ya mtu mwingine. Huyo wa PIN ya kuazima hana historia ya kazi hata akifanya miaka mitano. Anayeazimisha naye anaonekana ana mapato ambayo hajawahi kuyaona. Tafadhali usiazimishe PIN yako, hata kwa binamu.

Sasa nije kwa lile neno linaloniudhi kuliko yote. Ukienda kuuliza, unaambiwa "sema alhamdulillah una kazi, wangapi wako mtaani?" Tunaambiwa na mabosi, na mara nyingine tunaambiwa na wazee wetu nyumbani. Alhamdulillah tunasema, na tutaendelea kusema. Lakini hiyo ni baina yangu na Mola wangu, haikuwekwa ili mhasibu ajifichie. Shukrani haigeuzi 3,131 iwe 731. Isitoshe anayekuambia ushukuru hajakosea hesabu ya mshahara wake hata mara moja, yake iko sawa mpaka senti.

Mwingine atasema: hizo pesa si zimeenda KRA, bosi hajafaidika, mbona mnamuandama? Kwanza, hujui kama zimeenda. PAYE inatakiwa kufika KRA isizidi tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ukifungua ritani yako iTax ukakuta mwajiri hajaonekana, basi huenda ulikatwa na haikufika. Kukata na kutopeleka ni kosa la jinai, si uzembe. Pili, hata kama zimefika, ni zako na zinadaiwa. Sheria inakupa miaka mitano tangu siku uliyolipa zaidi kuomba urudishiwe. Ukiacha kazi kwa hasira na kutupa payslip zote, utadai kwa karatasi gani?

Kwa hivyo fanya hivi mwezi huu. Chukua payslip, tafuta mahali pameandikwa personal relief. Kama hapana 2,400, ama PAYE haifanani na hesabu ya hapo juu, muandikie HR kwa barua pepe ama WhatsApp, isiwe maneno ya mdomo tu kwenye korido. Kwa adabu: "Naomba kujua kwa nini sijapewa nafuu ya ushuru, sina mwajiri mwingine." Wanaweza kurekebisha ritani ya miezi iliyopita, mfumo unaruhusu. Ukihama kazi, hakikisha wa zamani amekutoa, maana wawili wakikupa nafuu mwezi mmoja deni litakurudia wewe.

Kama hupewi payslip, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira kinataka upewe maelezo ya mshahara kwa maandishi. Kina mianya, kinawaacha nje vibarua na walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita, na hapo ndipo wengi wetu tupo. Bado omba, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa ama wa benki. Ukitishwa kufutwa kwa sababu umeuliza, kifungu cha 46 kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kukufuta. Leba wanapokea malalamiko bure.

P9 ya mwaka uliopita dai mapema, usingoje wiki ya mwisho ya Juni mtandao wa KRA ukiwa umelemewa. Na usikubali mtu wa saiba akujazie "nil" wakati ulikatwa PAYE, maana hapo umetangaza mwenyewe kwamba hukupata mapato yoyote.

Mko watu kumi kampuni moja na nyote hamna nafuu? Msiende mmoja mmoja. Andikeni barua moja, majina kumi, payslip kumi nyuma yake. Mkikwama kuiandika tutumieni ujumbe hapa inbox, mfunike majina na nambari za PIN kabla ya kutuma picha.